Nani Anastahili Gereza Lisilo na Ukuta?

Anayehukumiwa miaka 30 kwa unyang'anyi wa kutumia silaha hakai gerezani miaka 30. Sheria ya Magereza ya mwaka 1967 humwondolea mfungwa mwenye nidhamu theluthi moja ya kifungo chake, nayo ni hesabu ambayo kila mfungwa huifanya mapema kabisa: 30 toa 10, inabaki 20. Chukua kijana wa miaka 25 aliyeingia Gereza la Ruanda, hapa jijini Mbeya, mapema mwaka 2006. Siku anapotoka ana miaka 45, na mji aliouacha haupo tena. Soko la Mwanjelwa alilolijua liliungua Desemba mwaka ule ule. Pesa kwa simu zilikuwa hazijafika. M-Pesa ilianza nchini mwaka 2008. Uwanja wa ndege wa Songwe ulifunguliwa mwaka 2012. Kama kwao ni Mbozi au Ileje, alifungwa akiwa mtu wa Mkoa wa Mbeya na anarudi akiwa mtu wa Mkoa wa Songwe, uliomegwa mwaka 2016. Kama kwao ni Makete, Iringa yake siku hizi inaitwa Njombe. Kitambulisho cha Taifa, ambacho bila hicho hasajili hata laini ya simu, hajawahi kukishika. Kwa miaka 20 ameamshwa, amehesabiwa, amelishwa na kufungiwa kwa saa za watu wengine. Halafu asubuhi moja anakabidhiwa nguo zake na kuambiwa aende uraiani.

Mijadala yetu kuhusu wafungwa wa vifungo virefu huendeshwa kana kwamba tunachagua kati ya kumwachia mtu na kutomwachia. Kwa walio wengi uchaguzi huo haupo, maana siku ya kutoka imeshaandikwa tangu siku ya hukumu. Kilichobaki mikononi mwetu ni njia atakayopitia. Anaweza kutoka kwenye gereza la ulinzi mkali hadi Stendi Kuu kwa hatua moja, au akapitishwa kwanza mahali pa katikati, ambapo bado ni mfungwa lakini anaanza kubeba mzigo wa kujitawala. Mahali hapo pa katikati ndipo panapoitwa gereza la wazi. Halina ukuta mrefu wala mnara wa mlinzi. Askari ni wachache. Mfungwa anajua mpaka wake na anajua kwamba akiuvuka atarudishwa kwenye kufuli na pengine kuongezewa kifungo. Hoja ya makala haya ni kwamba gereza la wazi litazamwe kama mtihani, likiacha kuwa zawadi ya uzee gerezani, na kwamba kila mfungwa wa muda mrefu anayekaribia uraiani afikiriwe kuufanya. Ugumu wote uko kwenye swali la nani aingie, lini, na nani aamue.

Wazo lenyewe si geni kwetu. Uswisi ilianzisha shamba la gereza la Witzwil mwishoni mwa karne ya 19, na Uingereza ikafungua kambi yake ya kwanza ya wazi, New Hall karibu na Wakefield, katika miaka ya 1930. Katika muongo huohuo serikali ya kikoloni ya Tanganyika ilikuwa na Kingolwira, nje kidogo ya mji wa Morogoro, shamba la gereza lililoendeshwa bila kuta. Baada ya Uhuru mashamba ya magereza yaliongezeka, na Nyanda za Juu Kusini, zenye ardhi na mabonde ya maji, zikapata fungu lake: Isupilo, Pawaga, na Mgagao, ambayo kabla ya kuwa gereza ilikuwa kambi ya wapigania uhuru wa Kusini mwa Afrika. Ila tusichanganye mambo. Si kila shamba la gereza ni gereza la wazi. Mfungwa anaweza kulima mchana kutwa chini ya mtutu wa bunduki na usiku akalala nyuma ya kufuli. Huyo yuko nje kwa miguu tu. Kinachofanya gereza liwe la wazi ni imani inayowekwa kwa mfungwa ikiwa na mipaka inayojulikana, na hiyo haipimwi kwa ukubwa wa shamba.

Kwa desturi ya magereza mengi duniani, vitu viwili ndivyo vinavyotazamwa kwanza: miaka iliyobaki na jina la kosa. Aliyebakiza mwaka mmoja anapelekwa, aliyebakiza kumi anabaki. Wa wizi wa kuku anapelekwa, wa mauaji anabaki. Vigezo hivi vinapendwa kwa sababu ni rahisi. Karani anavisoma kwenye jalada bila kumwona mhusika, na likitokea baya hakuna wa kulaumiwa, maana karatasi ilisema. Lakini tangu mwaka 1955, mkutano wa kwanza wa Umoja wa Mataifa kuhusu kuzuia uhalifu, uliofanyika Geneva, ulishapendekeza kinyume cha hapo: mfungwa wa kupelekwa gereza la wazi asichaguliwe kwa aina ya kosa wala urefu wa kifungo, achaguliwe kwa kufaa kwake mwenyewe na kwa kuwa huko ana nafasi nzuri zaidi ya kurekebika. Kanuni za Umoja wa Mataifa za kuwatendea wafungwa, zilizoboreshwa mwaka 2015 na kupewa jina la Nelson Mandela, nazo zinataka mtu asiachiwe ghafla, bali arudishwe kwenye maisha ya kawaida hatua kwa hatua kabla kifungo hakijaisha.

Jina hilo halikutafutwa mbali. Mandela mwenyewe, aliyehukumiwa kifungo cha maisha mwaka 1964, hakutolewa kwa hatua moja. Mwaka 1982 alihamishwa kutoka kisiwa cha Robben hadi gereza la Pollsmoor. Akiwa hapo, kuanzia mwishoni mwa mwaka 1986, askari wake walianza kumpakia garini na kumzungusha Cape Town aone barabara na watu. Na Desemba 1988 akapelekwa Victor Verster, akaishi katika nyumba ndani ya eneo la gereza hadi alipoachiwa tarehe 11 Februari 1990. Makaburu hawakufanya hivyo kwa huruma. Walihitaji mtu atakayesimama uraiani bila kuyumba, na walijua kwamba miaka 27 humlevya mtu hata akiwa Mandela. Ikiwa yeye alihitaji miezi 14 ya nyumba ile, kijana wetu wa Mbozi aliyeishia darasa la saba anahitaji kitu gani?

Tuviangalie vigezo viwili hivyo kwa karibu. Jina la kosa linaeleza alichofanya mtu siku moja, pengine miaka 15 iliyopita. Linastahili uzito wote mahakamani, kwa kuwa hapo ndipo adhabu inapopimwa. Linapotumika tena kuamua kama mtu huyo leo atatoroka au atadhuru, linafanya kazi lisiyoiweza. Watafiti wa uhalifu katika nchi nyingi wanakubaliana juu ya mambo mawili ambayo mtu wa kawaida huona ajabu: kwamba uhalifu wa nguvu hupungua sana kadiri umri unavyosogea, na kwamba aliyeua mara moja na kutumikia kifungo kirefu ni nadra kuua tena, huku mwizi mdogomdogo akirudi gerezani kila msimu. Kwa hesabu hiyo wa kuku ndiye mwenye uwezekano mkubwa wa kurudia kosa, ingawa madhara yake ni madogo. Rajasthan, nchini India, walilijua hilo mapema. Katika gereza la wazi la Sanganer, karibu na jiji la Jaipur, wengi wa wafungwa wamehukumiwa kwa mauaji. Baada ya kutumikia angalau theluthi ya kifungo na kupimwa, wanaishi humo na wake na watoto wao, wanatoka asubuhi kwenda kazini mjini, na jioni wanarudi kuitikia majina.

Miaka iliyobaki nayo inaeleza jambo moja tu: kwamba aliyebakiza michache hana faida kubwa ya kutoroka. Hilo ni kweli na lina maana. Ila ukilifanya kuwa kigezo kikuu, gereza la wazi linageuka kituo cha kusubiria basi. Miezi minne ya mwisho haitoshi kumfundisha mtu kuamka bila kengele, kutunza fedha, kukaa karibu na kilabu cha pombe bila kuingia, na kuzungumza na mwanawe aliyemwacha tumboni. Wala haitoshi kwetu kumsoma, na hapa ndipo penye uzito zaidi. Kisha kuna wale ambao hawana miaka ya kuhesabu kabisa. Kifungo cha maisha nchini kwetu ni cha maisha kweli, hakina theluthi. Mfungwa huyo kigezo cha miaka iliyobaki hakimgusi, kwa hiyo hakuna siku ambayo jalada lake linalazimika kufunguliwa mezani.

Sheria yetu ya Bodi za Parole ya mwaka 1994 ilikuja kuziba sehemu ya pengo hili. Inampa nafasi mfungwa wa kifungo cha miaka minne au zaidi aliyekwisha kutumikia theluthi moja, amalizie muda wake uraiani chini ya uangalizi. Lakini inawafungia mlango mapema wale wa kifungo cha maisha, wa unyang'anyi wa kutumia silaha, wa dawa za kulevya na wa kunajisi. Ukiyasoma makosa hayo kwa makini utaona kwamba ndiyo hasa yanayozaa vifungo virefu. Chombo kilichotengenezwa kwa ajili ya wafungwa wa muda mrefu kimewaacha wengi wao nje ya mlango, na kinawapima zaidi wale ambao hatukuwa na hofu nao sana. Sisemi orodha hiyo ifutwe kesho. Parole inamtoa mtu nje kabisa, na Bunge lilikuwa na haki ya kuwa na woga. Nasema kwamba gereza la wazi ni hatua fupi kuliko parole, mtu bado yuko mikononi mwa askari, na kwa hiyo hapana sababu ya kuihamishia orodha ileile huko.

Wakati huohuo tuna njia nyingine ya kutoka ambayo haipimi chochote kwa kina, na hatuiogopi hata kidogo. Ibara ya 45 ya Katiba inampa Rais uwezo wa kusamehe, na kila sikukuu ya kitaifa taifa husubiri idadi itangazwe. Tarehe 9 Desemba 2017, katika Uwanja wa Jamhuri mjini Dodoma, Rais John Magufuli alitangaza msamaha kwa wafungwa 8,157, wakiwamo 61 waliokuwa wamehukumiwa kunyongwa, pamoja na mwanamuziki Nguza Viking, maarufu Babu Seya, na mwanawe Papii Kocha, waliokuwa na kifungo cha maisha. Jioni ileile baba na mwana walikuwa nje ya Gereza la Ukonga. Tarehe 26 Aprili 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alisamehe wafungwa 5,001, kati yao 1,516 wakatoka mara moja na waliobaki wakapunguziwa. Msamaha ni jambo jema, unapunguza msongamano na una asili ndefu katika utawala wa nchi nyingi. Lakini tuone kioja chake. Jamii inayoshangilia maelfu wakitoka siku moja bila hatua ya kati ndiyo hiyohiyo inayoshtuka ikisikia muuaji mmoja amehamishiwa gereza lisilo na ukuta, ambako anahesabiwa asubuhi na jioni. Kama ni hatari tunayoipima, mizani yetu imeinuka upande usio wake.

Sasa, mtu apimweje? Kosa la kwanza ni kuupima utulivu. Mfungwa asiyegombana, anayemheshimu askari, aliyepandishwa kuwa nyapara, anaonekana ndiye wa kwanza kustahili. Lakini utulivu nyuma ya ukuta unathibitisha zaidi kwamba ukuta unafanya kazi. Wapo wajanja wanaojua gereza kama viganja vyao, wanaoishi vizuri ndani na kushindwa kila mara nje. Na wapo wagomvi ambao ugomvi wao wote ni wa selo yenye watu wengi kuliko nafasi. Kosa la pili ni kuamini jicho la mzoefu peke yake. Mwaka 1954 mwanasaikolojia wa Marekani, Paul Meehl, alikusanya tafiti zilizolinganisha ubashiri wa wataalamu waliomtazama mtu na kutoa rai yao, na ubashiri uliotokana na kanuni rahisi za kujumlisha mambo machache yanayojulikana kumhusu. Kanuni zilifanya vizuri sawa na wataalamu au kuwashinda. Kanuni haichoki, haina kabila, haimpendi mtu kwa kuwa anaimba vizuri kanisani.

Hata hivyo kuazima kanuni za wenzetu na kuzitia kwenye jalada la Ruanda ni kosa la tatu. Mizani ya aina hiyo imetengenezwa kwa rekodi za wafungwa wa Kanada, Uingereza na Marekani. Mwaka 2018 Mahakama ya Juu ya Kanada, katika shauri la Ewert, iliamua kwamba idara ya magereza ya nchi hiyo ilivunja wajibu wake wa kisheria kwa kutumia vipimo hivyo kwa wafungwa wa jamii za wenyeji wa asili bila kuhakikisha kwamba kwao vinapima kweli. Ikiwa kipimo cha Kanada kilitiliwa shaka ndani ya Kanada yenyewe, kitapimaje mtu wa Kilolo ambaye kosa lake lilizaliwa kwenye ugomvi wa mpaka wa shamba, msimu wa ulanzi, na tuhuma za uchawi zikitawala kijiji? Maswali yanayofaa kwetu yanajulikana hata bila mashine. Je, alishawahi kutoroka? Je, pombe ilihusika, na hali ikoje sasa? Anaelezaje kosa lake mwenyewe: analikubali, analipunguza, au bado anamlaumu marehemu? Nani anamtembelea, na wageni hao walikatika lini? Ana ufundi gani? Ardhi ya kwao ipo, au ndugu wameshaigawana? Swali hili la mwisho halimo kwenye vipimo vya kizungu, na huku kwetu huenda ndilo linaloamua kama mtu atatulia au atarudi na panga.

Majibu ya maswali hayo yaanze kukusanywa mwaka wa kwanza wa kifungo na kuongezwa kila mwaka, yasiandikwe kwa pupa wakati wa kutoka. Kisha mtu apandishwe ngazi moja moja: kazi nje ya ukuta akiwa na askari; kazi nje askari akiwa mbali; siku ya kwenda msibani au kumwona mzazi mgonjwa na kurudi; halafu gereza la wazi kwa miaka miwili au mitatu, si miezi. Kila ngazi inatoa ushahidi ambao ngazi ya chini isingeweza kuutoa. Akishindwa anashushwa, na kushindwa kwake kunatokea mahali penye askari, hakutokei mtaani Mwanjelwa usiku. Hilo ndilo nililolenga niliposema mtihani.

Hofu ya kwanza ya wananchi ni kutoroka, na haifai kupuuzwa. Mei 2014 huko Uingereza mnyang'anyi wa mabenki aliyekuwa na vifungo vya maisha alitoka gereza la wazi la Standford Hill kwa ruhusa ya siku moja, hakurudi, akavamia taasisi ya fedha kwa bunduki, na alikamatwa siku nne baada ya kutoweka. Nchi nzima ilichachamaa, na serikali ikakaza masharti. Lakini nchi hiyohiyo ina rekodi ndefu inayostahili kusomwa pamoja na tukio hilo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 waliotoroka magereza ya wazi walizidi 1,000 kwa mwaka. Ilipofika mwaka 2010 idadi ilikuwa imeshuka chini ya 300. Kilichobadilika hasa ni namna ya kuwachagua wanaopelekwa, na namba hizo zinaonyesha kwamba kutoroka kunategemea sana uteuzi kuliko urefu wa uzio. Pia, katika ruhusa za muda wanazopewa wafungwa wa huko, zaidi ya 99 katika kila 100 huisha bila tatizo. Yule wa 2014 alikuwa ameshawahi kutoroka zamani. Swali la kwanza kwenye orodha yetu ya juu lilikuwa hilo, na lilipaswa kumzuia.

Hofu ya pili inasemwa kwa sauti ya chini, na kwangu ndiyo nzito kuliko zote. Magereza ya wazi ya kwetu ni mashamba, na shamba lina mahitaji yake. Julai 2018, alipomwapisha Kamishna Jenerali wa Magereza, Phaustine Kasike, Rais Magufuli alitaka wafungwa wafanye kazi na kujilisha wenyewe. Agizo hilo lina mantiki yake kwa mlipa kodi. Lakini fikiria mkuu wa gereza mwenye ekari zisizopaliliwa na mvua za Desemba zimeshika. Mbele yake wako wawili: mzee wa miaka 58, aliyefaulu kila ngazi, mwenye mgongo unaouma, na kijana wa miaka 27 mwenye mabega mapana, ambaye jalada lake lina mashaka. Nani atapakiwa kwenye karandinga kwenda shambani? Uamuzi unaopaswa kujibu kama mtu yuko tayari unajibiwa kwa swali la nani ana nguvu. Hapo gereza la wazi linapoteza kazi yake mara mbili: aliyestahili amebaki nyuma ya kufuli, na asiyestahili amepewa uwazi kabla ya wakati. Na kama nafasi ya shambani inaonekana kuwa nafuu kuliko selo, basi ina thamani, na chenye thamani gerezani hutafutiwa njia ya kununuliwa.

Dawa ya hofu hii ni kutenganisha mikono. Anayehitaji vibarua asiwe ndiye anayeamua nani aende. Kwa sasa kumhamisha mfungwa kutoka gereza moja kwenda jingine ni mamlaka ya Magereza wenyewe. Hakimu haingii humo. Wala hakuna haja ya kuunda chombo kipya. Bodi za Parole zipo mikoani na ipo ya Taifa, ile ambayo Augustino Mrema aliiongoza kuanzia mwaka 2016. Zipewe na jukumu hili: zipokee jalada la mfungwa wa kifungo kirefu kwa tarehe iliyowekwa kisheria, tuseme akishatumikia theluthi, na kwa mfungwa wa maisha baada ya miaka itakayotajwa na Bunge, zimsikilize mwenyewe, ziandike sababu za kukubali au kukataa, na aliyekataliwa aambiwe afanye nini kabla hajarudi mbele yao. Tume ya Haki Jinai iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman ilikabidhi ripoti yake kwa Rais mwezi Julai 2023, ikitaka Magereza yageuke kuwa chombo cha urekebishaji zaidi ya ulinzi. Zanzibar walishabadilisha jina zamani: gereza ni Chuo cha Mafunzo, na mfungwa ni mwanafunzi. Jina peke yake halifundishi mtu, lakini ukishamwita mwanafunzi umejifunga mwenyewe kueleza anafaulu vipi.

Hofu ya tatu ni ya waliodhurika. Mama aliyezika mwanawe Rungwe ana haki ya kuuliza kwa nini aliyemuua anapunga upepo bondeni Pawaga. Kumjibu kwa takwimu ni kumtukana. Jibu la kweli ni kwamba mfungwa huyo hajapunguziwa hata siku moja; kifungo ni kilekile, kilichobadilika ni mahali. Zaidi ya hapo, mfumo wa sasa haumwulizi mama huyo chochote. Theluthi inahesabiwa na karani, msamaha unatangazwa redioni, na yeye anamwona mtu huyo gulioni bila kuarifiwa. Njia ya ngazi inaweza kumpa anachonyimwa leo: kujulishwa mapema, kusikilizwa kuhusu masharti, kuomba kwamba wakati wa ruhusa za siku mfungwa asikanyage kijijini kwao. Isimpe kura ya turufu, kwa sababu adhabu ilishatolewa na mahakama na haiwezi kuwa inahukumiwa upya kila mwaka kwa kadiri ya uchungu wa aliyefiwa. Na kuna jambo ambalo watu wa huku tunalijua vizuri, kwa mkono wetu mwepesi wa kujichukulia sheria: mtu akirudi kijijini ghafla, wa kwanza kuwa hatarini mara nyingi ni yeye mwenyewe, na damu ya pili huzaa kesi nyingine ya mauaji.

Inabaki hoja ya gharama, na hiyo tuipite haraka. Kumpima mtu kila mwaka kunahitaji maofisa ustawi, na hao ni wachache. Lakini gereza la wazi lenyewe linahitaji askari wachache kuliko la ulinzi mkali, na kila nafasi inayoachwa Ruanda ni nafuu kwa magereza yenye uwezo wa watu wasiofika 30,000 nchi nzima, ambayo kwa miaka mingi yamekuwa yakibeba zaidi ya hapo.

Mashabiki wa Mbeya hujaa Uwanja wa Sokoine kuishangilia Tanzania Prisons, Wajelajela wetu, na wanajua nani amesajiliwa na kwa nini nani ameachwa. Tuwatake wabunge wetu watupe walau kiasi hicho kuhusu wafungwa: kanuni za kuchagua wa kwenda gereza la wazi zichapishwe kwa Kiswahili, na kila mwaka Bunge liambiwe wangapi walipelekwa, wangapi walitoroka, wangapi walirudishwa kwenye kufuli. Yule kijana aliyeingia Ruanda mapema mwaka 2006 na miaka 30 mgongoni anamaliza theluthi mbili zake mwaka 2026, na atatoka awe amepimwa au hakupimwa.